Usingizi wa mchana unaotokana na dawa za akili, wakati kazi yangu inaanza alfajiri: naomba ushauri

Mwanika Dagaa, Kigoma

Assalaam alaykum, na salamu pia kwa wasio wa dini yangu. Mimi ni mama wa watoto watatu, na riziki yangu inatoka mwaloni Kibirizi, ambako ninanunua dagaa wabichi mitumbwi inaporudi alfajiri, ninawaanika, kisha ninawauza kwa wafanyabiashara wanaowapeleka mikoa mingine. Mwaka jana niliugua akili. Nilikuwa ninasikia sauti, silali usiku, na ilifika mahali nikawaogopa hata wanangu mwenyewe. Nilipelekwa hospitali, nikaanzishiwa dawa, na ninamshukuru Mungu kwamba sauti zimenyamaza. Sitaki mtu adhani nimekuja hapa kuzilaumu dawa, kwa sababu ninajua zilinitoa wapi.

Shida yangu ni usingizi. Ninatumia klopromazini, ile ambayo wengi tunaiita Largactil, miligramu 100 asubuhi saa moja baada ya chai na miligramu 200 usiku saa nne, pamoja na kidonge kimoja cha Artane asubuhi, ile ya kuzuia misuli isikakamae. Nimefikisha miezi minne sasa. Alfajiri ninaamshwa kwa kutikiswa, na sala ya Alfajiri imekuwa ikinipita mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema. Kisha nikishameza dawa ya asubuhi, ikifika saa tatu mwili unalegea, macho yanafumba yenyewe, na mtu akinisemesha ninamjibu maneno ambayo baadaye siyakumbuki.

Wiki iliyopita nilikuwa nimemwaga mabeseni sita ya dagaa juu ya chanja, yote ya mkopo. Nikakaa pembeni na fimbo ya kufukuzia ndege, nikajiambia kwamba ninafumba macho kidogo tu. Nilichokuja kusikia ni maji yakinitiririka shingoni. Mvua ilikuwa imekwisha kuwalowesha dagaa wote, na turubai nililopaswa kulivuta juu yao lilikuwa limekunjwa vilevile miguuni pangu. Wanaoifahamu kazi hii wanajua kwamba dagaa wakilowa baada ya kuanza kukauka hulainika na kubadilika rangi, na mnunuzi huwatambua kwa kuwashika tu kiganjani. Deni bado ninalilipa, lakini kilichoniuma zaidi ni kumsikia jirani yangu akisema kwamba tangu nitoke hospitali nimekuwa mvivu.

Ninaomba mnisaidie mambo matatu. Je, usingizi huu utakwisha wenyewe nikivumilia? Je, ninaweza kuruka kidonge cha asubuhi siku ambazo nina mzigo wa kuanika? Na ninyi mliopitia hali hii, mlimwelezaje daktari bila kuonekana mnazikataa dawa?

Kijana wa Mwanga, Kigoma

Pole sana dada yangu. Ninavyoona mimi, ruka hicho cha asubuhi siku za kazi, kwa sababu cha usiku kitakushikilia. Ukiona bado unasinzia, kunywa kinywaji cha kuongeza nguvu, vipo madukani. Mjomba wangu alifanya hivyo, alikuwa anaendesha bodaboda na hakupata tatizo.

Muuguzi Mstaafu, Tabora

Mwanangu Mwanika Dagaa, pole kwa ugonjwa na pole kwa mzigo uliolowa. Nilifanya kazi ya uuguzi wa wagonjwa wa akili kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na malalamiko yako ni miongoni mwa yale niliyoyasikia mara nyingi kuliko mengine yote. Nimewaona wagonjwa wengi waliotupa dawa kwa sababu ya usingizi, wakarudi wodini wakiwa na hali mbaya kuliko ya mwanzo, wakati jambo lenyewe lingeweza kurekebishwa kliniki kwa mazungumzo ya dakika kumi. Kwa hiyo nitakueleza kwa urefu.

Anza kwa kujua kwamba hujawa mvivu. Ndani ya ubongo kuna kemikali iitwayo histamini, na mojawapo ya kazi zake ni kutuweka macho. Klopromazini huizuia histamini hiyo isifanye kazi yake. Hata asili ya dawa yenyewe inaeleza jambo hili: ilitengenezwa Ufaransa mwishoni mwa mwaka 1950 na watafiti waliokuwa wakishughulika na dawa za jamii ya promethazini, ile ya mzio tunayoifahamu kwa jina la Phenergan, na mwaka 1952 madaktari Jean Delay na Pierre Deniker wa hospitali ya Sainte-Anne jijini Paris wakaonyesha kwamba inawatuliza wagonjwa wa akili. Ni ndugu wa damu na Phenergan, na kila mzazi aliyewahi kumpa mtoto Phenergan anajua kinachofuata. Ndiyo maana pia ninakuomba, ukipata mafua au mwili kuwasha, usinunue Piriton dukani bila kumwambia muuzaji dawa unazotumia, kwa kuwa utakuwa umeongeza usingizi juu ya usingizi. Vivyo hivyo kwa diazepamu, na kwa pombe ya aina yoyote.

Sasa tazama saa zako. Klopromazini ya kumeza hufika kilele katika damu kati ya saa mbili na saa nne baada ya kuimeza. Wewe unameza saa moja asubuhi, maana yake kilele chake ni kati ya saa tatu na saa tano, ambao ndio wakati dagaa wako wako juani na unatakiwa kuwa macho. Cha usiku nacho unakimeza saa nne, kisha unatakiwa kuamka saa kumi au saa kumi na moja alfajiri, dawa ikiwa bado ina nguvu nyingi mwilini. Dawa hii haitoki mwilini upesi, na kwa sababu hiyo mgonjwa aliyekwisha kutulia mara nyingi anaweza kupewa dozi yake yote ya siku kwa mara moja, jioni, bila kupoteza kinga. Lakini sikiliza vizuri hapa: nimesema anaweza kupewa. Anayebadilisha ni daktari, kwa kuwa dozi kubwa kwa mara moja inaweza kushusha shinikizo la damu, na ni lazima akupime kwanza.

Kuhusu kuruka kidonge cha asubuhi siku za mzigo, jibu langu ni hapana, na kijana aliyeshauri hivyo naomba asikasirike. Tatizo la kuruka ni kwamba siku mbili za kwanza unajisikia vizuri kweli, mwepesi, mchangamfu, na unaanza kuamini kwamba dawa ndiyo iliyokuwa ugonjwa. Ugonjwa haurudi siku hiyohiyo. Hurudi baada ya wiki kadhaa au hata miezi, wakati umekwisha kusahau kwamba uliruka, na dalili ya kwanza kwako inaweza kuwa ileile ya kukosa usingizi usiku. Kuiacha dawa hii ghafla kunaweza pia kuleta kichefuchefu, jasho na kukesha. Vinywaji vya kuongeza nguvu navyo vina kafeini nyingi; vitakuchangamsha kwa muda, kisha vitakunyima usingizi wa usiku, na kwa mtu aliyewahi kuugua kwa kukesha, usingizi wa usiku ni mali ya kulindwa kuliko dagaa. Na bodaboda, mwanangu, hapana kabisa kwa mtu anayesinzia, hata kama mjomba wa mtu alinusurika.

Uliuliza kama utakwisha wenyewe. Usingizi mwingi wa dawa hizi hupungua katika wiki chache za mwanzo, mwili unapozoea. Wewe una miezi minne. Kilichobaki sasa hakihitaji kuvumiliwa tena, kinahitaji kupelekwa kliniki. Daktari ana njia zaidi ya moja: kubadili saa, kupunguza dozi taratibu kama umetulia muda wa kutosha, au kukuhamishia kwenye dawa isiyolaza sana. Haloperidoli na risperidoni kwa kawaida hulaza kidogo kuliko klopromazini, ingawa haloperidoli huweza kukaza misuli zaidi. Olanzapini hulaza nayo, na huongeza uzito. Hakuna isiyo na gharama yake, ndiyo maana uamuzi unahitaji watu wawili, mwenye mwili na mwenye taaluma.

Kabla hujaenda, fanya kazi moja ndogo. Chukua daftari la mtoto, na kwa siku kumi uandike saa uliyomeza dawa, saa uliyolala, saa uliyoamka, na saa ambazo usingizi ulikushinda mchana. Andika pia kama unapata kizunguzungu unaposimama ghafla, kwa sababu wengi huita hali hiyo usingizi, kumbe ni shinikizo la damu linaloshuka, na tiba yake ni tofauti. Ukilipeleka daftari hilo, hakuna atakayesema kwamba unazikataa dawa. Mgonjwa anayekataa dawa haandiki saa alizozimeza. Omba pia wakupime wingi wa damu, na sukari ikiwa unasikia kiu sana na kukojoa mara kwa mara, kwa kuwa dawa hizi huweza kupandisha sukari, na mwanamke aliyezaa watoto watatu anaweza kuwa na upungufu wa damu unaomchosha bila yeye kujua.

Kuna jambo hukuliuliza lakini linanisumbua tangu niliposoma kazi yako. Klopromazini huifanya ngozi iungue upesi kwa jua, na ikiwa pamoja na Artane hupunguza jasho, hivyo mwili unashindwa kujipoza. Wewe unashinda juani kando ya ziwa. Vaa mikono mirefu na kofia pana au mtandio, kaa kivulini kila unapoweza, na unywe maji hata kama huna kiu. Na siku ukipata homa kali huku misuli imekakamaa na akili imechanganyikiwa, usingojee siku ya kliniki; wakukimbize hospitali saa hiyohiyo.

Kijana wa Mwanga, Kigoma

Mama, nimekuelewa na ninashukuru. Nilisema kwa nia njema ila sikujua. Dada, naomba ufuate alichosema mama.

Mkulima wa Tumbaku, Urambo

Habari za saa hizi. Ninaandika kwa niaba ya mdogo wangu, kwa sababu yaliyompata sijaona mtu akiyataja hapa, na huku kwetu Urambo yanaweza kuwahusu wengi.

Mdogo wangu anatumia olanzapini, na kwa muda mrefu ilimfaa bila kumlaza mchana. Alikuwa mvutaji mkubwa. Tunalima tumbaku, kwa hiyo ya kuvuta haikukosekana nyumbani. Mwaka jana alipata kifua, akashauriwa aache kuvuta, na kwa kweli aliacha ghafla, moja kwa moja. Tulifurahi sana. Baada ya kama wiki moja akaanza kulala mchana kutwa, akawa anasinzia na kijiko mkononi, na siku moja tulimkuta amelala mlangoni mwa bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, wakati zamu yake ilikuwa kuchochea moto. Sisi tulidhani ugonjwa umegeuka, na baba akasema pengine amerogwa kwa sababu ya kuacha sigara.

Tulipompeleka, tabibu aliuliza swali moja tu: ni lini aliacha kuvuta? Akatueleza kwamba moshi wa tumbaku huliamsha ini, likaivunja olanzapini upesi kuliko kawaida. Mvutaji anapoacha, ini linarudi kwenye mwendo wake wa kawaida ndani ya siku chache, na dozi ileile inakuwa kama imeongezwa. Alisisitiza kwamba kinachofanya hivyo ni moshi, wala si nikotini, kwa hiyo kushika majani, kuyatunga kwenye fito na kuyakausha hakuhusiki. Dozi ya mdogo wangu ilipunguzwa, usingizi ukaisha, na sigara hajazirudia mpaka leo. Kinyume chake pia ni kweli: anayetumia dawa hii akianza kuvuta, dawa inaweza kupungua nguvu na ugonjwa ukarudi. Kwa hiyo ndugu zangu, mtu akiacha sigara ni jambo la kheri, lakini aitaje habari hiyo kliniki mapema. Sisi hatukuitaja kwa sababu hatukufikiri kwamba inamhusu daktari wa akili.

Mwalimu wa Kipindi cha Kwanza, Tabora mjini

Dada, mimi ninatumia amitriptilini ya usiku kwa ajili ya sonona, na nilikuwa ninaingia darasani asubuhi nikiwa sioni vizuri maandishi yangu mwenyewe ubaoni. Daktari aliniruhusu kuimeza saa moja na nusu jioni badala ya saa nne usiku, na tofauti niliiona ndani ya siku tatu. Nyongeza zangu ni ndogo. Nikiamka ninatoka nje mara moja kwenye mwanga, hata kabla ya kupiga mswaki, na ninatembea kwa miguu hadi shuleni. Kahawa ninakunywa kikombe kimoja asubuhi, na baada ya saa nane mchana siigusi. Nikilemewa, ninalala dakika ishirini wakati wa mapumziko ya mchana, nikiwa nimetega kengele ya simu. Nikizidisha nusu saa ninaamka mzito kuliko nilivyolala.

Kuhusu jirani, mimi nilichagua mtu mmoja tu kazini nikamweleza ukweli, mwalimu mwenzangu wa chumba cha pili. Yeye ndiye anayenigusa bega akiniona ninasinzia kwenye kikao. Usijilazimishe kuueleza mwalo mzima.

Mwanika Dagaa, Kigoma

Mungu awalipe. Nimeanza daftari leo. Mama muuguzi, naomba kuuliza: nikipewa dawa yote kwa mara moja usiku, mwanangu mdogo wa miaka miwili anaamka mara kwa mara akilia, na ninalala naye kitandani. Ninaogopa kwamba sitamsikia.

Muuguzi Mstaafu, Tabora

Umeuliza jambo la maana sana. Asilale nawe kitanda kimoja katika kipindi hicho, na pawepo mtu mzima mwingine nyumbani atakayemsikia, hasa wiki mbili za mwanzo baada ya badiliko lolote la dozi. Kama baba yao hayupo, mwombe mama au wifi. Na kama bado unamnyonyesha, mwambie daktari waziwazi, kwa sababu dawa hupita kidogo kwenye maziwa, na mtoto anayelala kupita kiasi ni wa kuangaliwa. Ukiamka usiku, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, hesabu pumzi kumi, ndipo usimame.

Mwanika Dagaa, Kigoma

Nimerudi baada ya wiki tano, kwa kuwa niliahidi moyoni kwamba sitawaacha bila kuwapa habari.

Nilikwenda kliniki na daftari. Daktari alilisoma ukurasa baada ya ukurasa, akaweka kidole kwenye mstari niliokuwa nimeandika "saa nne na robo asubuhi, nimelala nikiwa nimesimama, nimeegemea chanja," akaniuliza kama kweli ilikuwa hivyo. Nikamwambia ndiyo, na siku hiyo haikuwa ya peke yake. Alinipima shinikizo la damu nikiwa nimelala na tena nikiwa nimesimama, likawa halishuki sana. Damu yangu ilionekana imepungua, imefika 9, nikapewa vidonge vya madini ya chuma. Dawa ya asubuhi ameiondoa na kuiunganisha na ya jioni, kwa hiyo sasa ninameza miligramu 300 zote saa mbili usiku, mara baada ya sala ya Isha. Artane ameiacha kama ilivyo, akasema ataitazama upya nikirudi. Habari ya kumnyonyesha mtoto niliitaja pia kama ulivyosema, mama. Nilishamwachisha tangu nilipolazwa, kwa hiyo hapo hapakuwa na neno.

Siku nne za mwanzo zilikuwa ngumu. Nilikuwa ninaanguka kitandani kama gogo, na mama mkwe ndiye aliyekuwa akilala na mtoto. Tangu wiki ya pili hali imebadilika. Alfajiri bado ninaamka na uzito kichwani, siwezi kudanganya, na mdomo unakuwa mkavu, lakini nikishatembea hadi mwaloni kwenye upepo wa ziwa uzito huo unapungua, na ikifika saa mbili asubuhi ninahesabu mabeseni mwenyewe bila kukosea. Saa tatu hadi saa tano, ambazo zilikuwa zikinipoteza, sasa ninaziona zote. Ninavaa baibui ya mikono mirefu na kofia ya ukindu juu ya mtandio, nina chupa ya maji, na turubai silikunji tena: ninalifunga upande mmoja wa chanja likiwa tayari kuvutwa.

Jirani nilimweleza, yeye peke yake, kama mwalimu alivyoshauri. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniambia kwamba dada yake aliyeko Kasulu anatumia dawa za namna hiyo na hulala mchana kutwa, na kwamba hakuwahi kuyaunganisha mambo hayo mawili. Ameniomba nimwoneshe nilivyopanga lile daftari ili amnunulie la kwake.